Mzee Osea Mbonile, Aliyechora Kabla ya Kuamkiwa

Jumanne tarehe 14 Juni 1955, saa kumi na moja alfajiri, huko Ihanda wilayani Mbozi, marehemu Osea Mbonile alizaliwa, mtoto wa nne wa mkulima wa kahawa, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba mwaka 1970, na mwaka 1978 akahamia hapa Chapwa, karibu na mpaka, akawa mwandishi wa mabango ya vinyozi na majina ya malori.

Tarehe 8 Septemba 1984 alifunga ndoa na Nesta, kanisani Nanyala, wakajaliwa Luka, mwaka 1987, na Atuganile, mwaka 1997, aliyeandika historia hii mnayosomewa na kaka yake.

Kazi ya moyo wake ilikuwa kuchora ndoto, na kwa kuwa aliamini ndoto hukimbia mtu akiamkiwa, hakuna aliyemsalimu asubuhi kabla hajaichora kwa mkaa, hata jirani yake Mama Stumai akazoea kusema kwamba shikamoo ya Mzee Osea inapokelewa kuanzia saa mbili, kama ofisi ya serikali. Watu walicheka, lakini mbele ya picha zenyewe walisogea karibu kutazama: foleni ya malori mpakani imegeuka viwavi wanaopanda mbinguni, kimondo cha Mbozi kimepasuka kama yai, na ndani yake mti wa kahawa umechanua. Akiwa chuo kikuu, Atuganile alifungua kitabu cha wachoraji wa Ulaya walioitwa Wasurealisti, waliochora mambo ya ndotoni, akakuta mawe yanaota majani na samaki wanapaa, mwili ukamsisimka, maana baba yake hakuwahi kukiona kitabu kile.

Moyo ulianza kumsumbua mzee Machi 2023. Alhamisi tarehe 19 Juni 2025, saa kumi na mbili asubuhi, Atuganile alimkuta ameketi kitandani, ameegemea ukuta, mkaa mkononi, karatasi tupu magotini; hakumwamkia, akidhani bado anaikumbuka ndoto, akakaa mlangoni kuwazuia wengine, mpaka saa mbili kamili alipoingia na kumgusa. Daktari alisema mzee alifariki kabla ya alfajiri. Atuganile alimuuliza mara tatu kama salamu ingemwokoa, mara zote akajibiwa hapana. Saa yenyewe haijulikani, ndiyo maana haikuandikwa hapa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Chapwa, mafundi wenzake, na madereva waliosimamisha malori yao kuja kumlilia.

Asubuhi iliyofuata Atuganile aliamka, hakumsalimu mtu, akachukua mkaa ule na karatasi ile, akamchora baba yake anatembea juu ya Ihanda, na kila alipokanyaga wingu likachanua maua ya kahawa, huku Mama Stumai mwenyewe akiwa mlangoni, akiwanyamazisha waombolezaji kwa kidole ili asiamkiwe.

Pumzika taratibu, Mzee Osea. Hatutakuamkia mpaka umalize.