Mchezo wa Ng'ombe na Maharagi

Bwana asifiwe, kanisa! Bapapa na bamama, mnivumilie leo, maana kuna sehemu za ushuhuda huu siwezi kuzisema bila kucheka.

Mimi ni mtu wa michezo ya kuigiza. Kwetu Walikale tulikuwa na kundi, tulicheza kwenye ndoa, sokoni, popote. Vita ilipofika, kila mmoja akakimbia njia yake. Nilifika kambi ya Kitshanga na watoto wangu, bila mwenzangu hata mmoja wa kundi. Watoto wakisema, "Mama, tuchekeshe," nilikuwa nawageuzia mgongo. Ndugu zangu, nawaambia, nilidhani kipaji changu kimekufa.

Jirani yangu kambini alikuwa mama mfugaji kutoka Karuba. Hatukusalimiana. Sisi wakulima kutoka msitu wa Walikale tulisema wafugaji njo walileta vita, na wao walisema ni sisi.

Asubuhi moja, yeye na mama mmoja wa kwetu wakagombania nafasi kwenye bomba la maji. Wakasukumana, bidoni za maji zikamwagika, watu wakaanza kuokota mawe. Sijui nini kilinisukuma! Niliruka katikati nikawaiga wote wawili: huyu anavyoshika kiuno, yule anavyoita ng'ombe ambao hata hawapo. Kisha mtu mmoja akacheka. Kisha wote. Mawe yakaachwa chini.

Yule mama mfugaji akanifuata mpaka kwenye hema yangu. Niliogopa, jamani!

"Mama," akaniambia, "ng'ombe haiitwi vile! Unanipatisha haya. Kuya nikufundishe."

Akanifundisha. Kundi jipya la wakulima na wafugaji likazaliwa hapo, na kanisa la kambi likatupa mahali pa mazoezi. Tulitunga mchezo wa ng'ombe aliyekula maharagi ya jirani: sisi wakulima tulicheza wafugaji, na wafugaji wakacheza wakulima. Kambi nzima ilikuwa inakuja kutazama.

Baadaye yule mama akarudi kwao Karuba, akatuita tukacheze. Kumbe pale kulikuwa na wazee wawili, mkulima na mfugaji, waliokuwa hawasemeshani kwa jambo kama hilo hilo! Katikati ya mchezo, pale mkulima wa kuigizwa analilia maharagi yake, yule mzee mkulima akasimama.

"Hapana! Mimi sikulia vile. Nililia zaidi!"

Watu wakavunjika mbavu. Nikamwambia, "Papa, basi ingia, utuonyeshe."

Akaingia. Akaanza kwa mzaha, halafu akaacha kuigiza. "Ile maharagi ilikuwa chakula ya bajukuu. Tulikuwa tumetoka kambini, hatukuwa na kingine."

Yule mzee mfugaji akainuka taratibu. "Ndugu yangu, sikujua. Niliwaza unanichukia tu."

Wakashikana mikono mbele yetu sote. Wiki ile ile wakajenga ua wa shamba pamoja, na sisi waigizaji tukibeba miti huku tunaimba.

Ninamshukuru Mungu. Ninamshukuru dada yangu wa Karuba, na kanisa lililotupa mahali pa mazoezi. Na wewe uliyekimbia na kipaji chako, usingoje mpaka urudi nyumbani ndipo ukitumie. Watu wanakihitaji hapo hapo ulipo.

Wapiga ngoma, mko wapi? Tucheze!