Maisha ya Mwalimu Loisi Ndahani, Aliyefundisha Hisabati kwa Muheme

Marehemu dada yetu, Mwalimu Loisi Ndahani, alizaliwa Hombolo tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa pili wa wakulima wa zabibu. Alianza darasa la kwanza mwaka 1976, na sisi tuliosoma naye tunajua: hesabu alizikimbia kama sindano. Kilichomwokoa ni muheme, zile ngoma zinazopigwa na akina mama wa Kigogo. Alipofundishwa kuzipiga, aligundua kwamba kumbe anahesabu, tena bila woga. Tangu hapo hakukamatika.

Alihitimu ualimu mwaka 1990. Mwaka 1993 alifunga ndoa na shemeji yetu Elisha Chidawali wa Nkuhungu, mtu mpole ambaye mpaka leo hupiga vidole mezani akisubiri chai. Alikoambukizwa tunakujua.

Januari 2019 alihamia Shule ya Msingi Mhululu, upande wa Zuzu, akapewa darasa la saba lililokuwa la mwisho katika kata. Alipoandika ubaoni “Kigawe Kidogo cha Shirika”, watoto walimkodolea macho. Kesho yake aliingia na ngoma mbili. Kundi moja lilipiga kila hesabu ya tatu, jingine kila ya nne, wengine wakisikiliza ni wapi zitalia pamoja.

“Kumi na mbili!” darasa zima lilipaza sauti. Wasichana waliozoea kujificha nyuma wakaanza kugombea kusimama mbele.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Abubakari, alifika mbio. “Mwalimu Loisi, hapa ni shule, si ngomani! Wazazi wanalalamika.”

“Mkuu, nipe mpaka mtihani wa utamirifu,” dada alijibu. “Wakifeli, ngoma narudisha nyumbani, na somo umpe mwingine.”

Mkuu alikubali. Nyumbani tulimwambia amejitia kitanzi, maana kunyang'anywa hisabati kungemvunja moyo kabisa. Yeye akaendelea kupiga.

Matokeo ya mtihani huo wa majaribio yalipobandikwa, Mhululu iliongoza kata nzima kwa hisabati! Mkuu alisoma ubao wa matangazo, akarudia kusoma, kisha akamwambia dada, “Haya, nami nipe ngoma moja.” Siku ile dada alicheza uwanjani mbele ya wanafunzi, na hakuna aliyemkataza. Muda si mrefu, walimu wa shule jirani wakawa wanakuja kujifunza kwake.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Siku za kusafishwa damu ndizo pekee alizokosa shule. Alifariki hospitalini, jijini Dodoma, tarehe 18 Agosti 2025. Siku moja kabla, alimwita Mwalimu Abubakari kando ya kitanda. “Mkuu, watoto wana mtihani mwezi ujao. Mkishanizika, kipindi cha kesho yake kisifutwe.”

Ameacha mume, watoto watatu wakiongozwa na Paulina, wajukuu wanne, sisi ndugu zake tuliompenda mno, na darasa la saba ambalo kesho saa mbili asubuhi lina kipindi cha hisabati. Mwalimu Abubakari atakifundisha mwenyewe.

Mungu ampe dada yetu pumziko jema.