Mawe ya Namba Arobaini na Saba

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Langas na nyote mliofika hapa kijijini Ziwa, haya ndiyo maisha ya Eliakim Kiptarus, fundi wa mawe, jinsi familia ilivyokubaliana yasomwe, hata pale yanapouma.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966 katika boma hili hili, mtoto wa tatu kati ya saba, akasoma shule ya msingi hapa karibu hadi darasa la saba mwaka wa 1981, karo ya sekondari ikakosekana, naye bila kinyongo akashika mwiko na kumfuata mjomba wake kwenye kazi ya ujenzi mjini Eldoret. Nyumba alizojenga huko mtaani West Indies zimesimama wima mpaka leo, kwa maana Eliakim alikuwa mtu wa timazi, ukuta ukipinda upana wa kidole aliubomoa na kuanza upya, na mwenye nyumba akinung'unika alimwacha anung'unike.

Tarehe 9 Desemba 1991 alifunga ndoa na Priscah Chepkirui, wakabarikiwa na Collins na Jepchumba, na mwaka wa 2009 akawamalizia nyumba ya vyumba vinne kule Eldoret, mtaani Langas, aliyoijenga kwa miaka sita, jioni akitoka kazini, na Jumapili baada ya ibada.

Tarehe 2 Mei 2024 mto ulivunja kingo zake ukaangusha vyumba vitatu, na cha nne ukakiachia ukuta mmoja tu. Wiki iliyofuata alikuja afisa mmoja wa serikali na fomu zake, akaandika namba 47 kwa rangi nyekundu kwenye ukuta uliobaki, akatangaza kwamba kila familia itasaidiwa kujenga upya, ila mtu asiguse chochote mpaka wakaguzi wafike, kwani atakayejitengenezea atahesabiwa kuwa hana shida. Wapendwa, ni hapo tulipompoteza. Majirani walingoja wiki mbili, wakachoka, wakajenga, tena wengine walijengewa na Eliakim mwenyewe, akiwemo fundi mwenzake Obonyo, aliyesimamishiwa vyumba viwili kwa siku kumi na moja, kisha Eliakim akarudi kwake kulala chini ya turubai, kando ya rundo la mawe yake, ambalo alilipalilia kila Jumamosi ili wakaguzi walione vizuri.

Siku moja Priscah alimwuliza mbele yetu sote, "Baba Collins, wewe ni fundi ama ni watchman wa mawe?" Naye akajibu, "Mama, wakikuta nimejenga, watasema nilidanganya." Alienda ofisini mara kumi na tisa, afisa wa kwanza akahamishwa, wa pili akaanza orodha upya, wa tatu akadai picha za nyumba kabla ya mafuriko, utadhani watu hupiga picha kuta zao wakijua zitakwenda na maji. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hii yake ilipanda mpaka kifuani. Tulikasirika naye akiwa hai, na hatuoni aibu kusema kwamba bado tumekasirika.

Baridi ya Julai 2025 ilimwanzishia kikohozi, Novemba kikawa nimonia, akalazwa mara mbili, na tarehe 19 Januari 2026, saa nne asubuhi, akatuacha, Priscah akiwa amemshika mkono. Swali lake la mwisho lilikuwa kama wakaguzi wamefika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotupikia wiki nzima, na mafundi wenzake wakiongozwa na Obonyo, ambao Alhamisi, bila kuomba ruhusa ya ofisi yoyote, walipakia mawe yale kwenye lori, wakayaleta hapa, wakamjengea nayo kaburi, kwa timazi, jinsi ambavyo angetaka. Priscah mwenyewe ndiye aliyeamuru jiwe la namba litolewe ukutani, nalo liko upande wa kichwa, rangi ikitazama juu, mkaguzi akija asisumbuke kulitafuta.

Baba Collins, mawe tumeyagusa. Pumzika kwa amani.