Maziwa Yaliwahi

Kwenye basi la kwenda mjini, mama mmoja fundi cherehani, aliyekata tiketi ya kushukia hospitali, alikuwa akibishana na jirani yake wa kiti, aliyejitambulisha kuwa ofisa mipango wa wilaya.

"Mama yangu, gari la wagonjwa lenye muuguzi wa kiharusi tumeliondoa kwenye bajeti," bwana alisema kwa ule upole wa ofisini. "Vijijini wagonjwa ni wachache. Faida haifikii gharama."

"Baba, mume wangu alipopooza tulimpakia gari la maziwa. Likasimama kila penye madebe, maana maziwa hayangoji. Maziwa yaliwahi. Yeye alifika mkono umeshakufa. Sasa namlisha, namvisha, cherehani imelala. Hiyo umeipigia hesabu?"

"Hiyo haimo kwenye mahesabu yetu."

"Basi itieni! Ng'ombe ana gari, mume wangu hana?"

Bwana akageukia dirisha, ingawa nje ulikuwa ukipita ukuta mtupu tu. Basi liliposimama kwenye ofisi za wilaya, akashuka mbiombio. Mama naye akanyanyua kikapu chake.

"Mama, hospitali bado," kondakta akamwambia.

"Najua," akajibu, akashuka.