Mwalimu Esekon na Unga wa Waridi

Ijumaa hii, Mwalimu Esekon Ekal anakamilisha miaka thelathini na mmoja ya kufundisha kemia, kwanza Lodwar, kisha hapa kwetu Kakuma. Aliingia kazini na nywele nyingi; anatoka na wanafunzi wengi kuliko nywele.

Wapo wanaoshikilia kwamba kemia ni somo la miji mikubwa. Mwalimu amewapinga kwa maisha yake. Alianza na meno yetu, yaliyotiwa rangi ya kahawia na floraidi ya visimani, kisha akauliza: floraidi hiyo ikishikana na metali, huwaje? Hivyo ndivyo tulivyoijua floraidi ya manganisi, unga wa rangi ya waridi hafifu usioyeyuka kwa urahisi majini, unaotumika kutengenezea vioo vya pekee. Hupatikana kwa kutia kabonati ya manganisi ndani ya asidi ya haidrofloriki. Povu hupanda, likaisha, na unga ukatua chini.

Asidi hiyo ndiyo shida. Hula kioo, na ikimgusa mtu hupenya hadi mfupani. Mwalimu aliapa kwamba haitaingia katika maabara isiyo na kabati la kufyonza mvuke, na kabati la karibu lilikuwa chuoni Lodwar. Wanafunzi wa Lodwar walifika huko kwa miguu. Wetu, wengi wao wakimbizi, hawatoki kambi ya Kakuma bila kibali.

Nyakuoth, wakati huo mwanafunzi wetu wa kidato cha tatu, hakumficha. "Mwalimu, watu ya Lodwar wanaona na macho, sisi ya kambi tunaona na chaki?"

Darasa lilicheka. Mwalimu aliiweka chaki mezani. "Umesema kweli, mama. Na asidi sileti hapa. Basi nitawapeleka."

Muhula mzima alizunguka ofisi za vibali, hata walinzi wakawa wanamlaki getini kwa salamu ya Kiturkana, "Ejok, Floraidi!" Naye aliitika. Vibali vilitoka shule ikikaribia kufungwa. Chuoni, wanafunzi walisimama nyuma ya kioo kinene wakimtazama fundi aliyevaa glavu hadi kwapani. "Kumbe inakaa chini pole pole hivi," Nyakuoth alinung'unika, lakini hakuondoka mpaka chembe ya mwisho ilipotua. Basi lilimngoja, dereva akifoka.

Tangu hapo safari hiyo haijakosa mwaka. Ya mwaka huu ni Ijumaa, siku yake ya mwisho kazini. Mwalimu hatabeba vibali wala kuhesabu vichwa. Atasimama na wanafunzi nyuma ya kioo. Atakayevaa glavu ni fundi mpya wa maabara ya chuo, Nyakuoth, naye ametuma neno: "Mwambieni Mwalimu asiharakishe. Mimi pia nitamngoja."

Asante, Mwalimu, kwa kukataa hatari bila kutunyima elimu. Upumzike kwa afya na amani, na kila asubuhi yako iwe njema.