Stanley Duerden, Mwigizaji Aliyesikika Bila Sauti

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Leo tunamkumbuka Stanley Duerden. Mtoto wa mji huu wa Nelson. Mtoto wetu. Ametutoka Jumanne akiwa na miaka themanini na mmoja, na sitaki tulie sana, maana mtu huyu ametufanya tutembee kifua mbele.

Mama yake alikuwa mfumaji kiwandani. Mashine zilinguruma hata mtu hajisikii mwenyewe, kwa hiyo wanawake wetu walizungumza kwa midomo tu, bila sauti, na kusomana kutoka mbali. Stanley aliijua lugha hiyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Dada yake, Elsie, anasema, "Kanisani tulimsengenya mchungaji huku anahubiri. Mama anatufinya, kisha anaongeza lake."

Baadaye akaenda London. Huko alipata ile sauti nzito mnayoikumbuka. Jukwaani, kwenye filamu, kwenye televisheni, sauti ilikuwa ndiyo mali yake.

Alipofika miaka hamsini na sita, koo likaugua. Madaktari waliokoa maisha, sauti wakashindwa. Narudia, wasikilizaji: mwigizaji alibaki bila sauti. Wakala wake akamshauri apumzike, alime maua. "Maua!" anasema Elsie. "Stanley hajawahi kuotesha hata kitunguu."

Mwongozaji mmoja tu, Bi Rosalind Keane, alimpa kazi: mtumishi bubu, wa kuleta trei na kutoka. Stanley alijua hiyo ndiyo nafasi yake ya mwisho.

Tamthilia ikazunguka miji. Kila jioni mwigizaji mkuu, Bwana Julian Amory, aliyecheza bwana wa nyumba, alisahau maneno yake. Na kila jioni Stanley, akiweka trei mezani, alisema kwa midomo tu, "Kashasahau tena huyu, jamani." Hakuna aliyegundua. Mjini Bath hawakugundua. Brighton hawakugundua.

Wakaja Nelson, na Stanley akasahau yuko wapi.

Roshani ya ukumbi ilikuwa imejaa wafumaji wastaafu. Amory akakwama. Stanley akaweka trei, akasema lake. Roshani nzima ikaangua kicheko! Bi Nora Sagar, aliyefanya kazi na mama yake, akasimama huko juu akamjibu kwa midomo tu, "Si umkumbushe basi, umesimama hapo kama kabati!" Stanley, ameegemea meza, alicheka hadi vikombe vikagongana.

Bi Keane alikuja nyuma ya jukwaa amewaka. "Umesema nini pale?"

Stanley alijua amejimaliza. Akasema tena kwa midomo, na Elsie, aliyekuja kumpongeza kaka yake, uso umemwiva kwa aibu, akatafsiri.

Bi Keane akauliza, "Na wote kule juu walikuelewa?"

"Hadi waliokuwa wanasinzia," Elsie akajibu.

"Basi kesho useme tena. Lakini msengenye bwana wa nyumba, siyo Amory. Na usitoke. Ubaki jukwaani mpaka mwisho."

Ndivyo mtumishi wa trei alivyogeuka roho ya mchezo. Amory alimnunia wiki nzima, halafu akaja mwenyewe kuomba afundishwe lugha hiyo ya midomo. Walipofika London, watu ambao hawajawahi kuona kiwanda cha nguo walikuwa wanainama mbele kwenye viti vyao ili wausome mdomo wa mtoto wa Nelson. Baada ya hapo zikaja filamu nne. Filamu nne, wasikilizaji, bila kutamka neno!

Elsie aliniambia jana, "Watu wananipa pole kwamba ndugu yangu alipoteza sauti. Ile alipewa na London. Hii ya midomo alipewa na mama."

Elsie, pole sana, wewe na familia yote. Mji mzima umefiwa nanyi, na mji mzima unajivunia pamoja nanyi. Nasi tuliobaki, tujiulize: ni nani tumemwona amekwisha, naye bado ana la kusema? Mwendeeni leo, mkae mbele yake, mmtazame vizuri. Msingoje mpaka mnisikie nikimtaja hapa.