Yeremia Gunga, Aliyetoa Parafujo Zilizoshindikana

Leo Jumamosi, tarehe 9 Novemba 1918, tumefika hapa makaburini kumsindikiza Yeremia Gunga, mwana wa Ngala, fundi wa Kibokoni. Wasifu huu ameuandika na anausoma mdogo wake wa tumbo moja, Tito Kadenge. Humu atajitaja kwa jina, kwa kuwa si adabu mtu kusema "mimi, mimi" mbele ya jeneza la kaka yake. Watu ni wengi. Kadenge amewatazama tangu langoni, na anajua kuwa siku yake hawatafika nusu.

Marehemu alizaliwa Rabai tarehe 14 Aprili 1884, kifungua mimba wa Mzee Ngala na Mama Zilpah. Kadenge alimfuata miaka miwili baadaye, na tangu hapo hajawahi kumpita kwa lolote. Mwaka 1893 baba yao alipata kazi ya uhamali forodhani, akawahamishia kisiwani, wakakaa Makupa. Sanduku la mama lilikuwa na parafujo ya bawaba iliyoganda kwa kutu, na Gunga, mtoto wa miaka tisa, aliitoa kwa kisu cha mkate na subira ya siku mbili. Mama amemsimulia kila mgeni kisa hicho kwa miaka ishirini na mitano. Siku hiyohiyo Kadenge aliteka maji mitungi minne peke yake. Kisa cha mitungi hakijawahi kusimuliwa mpaka leo.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1894 hadi 1899, akabatizwa Krismasi ya 1896. Hesabu alizijua kiasi. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, na hilo lazima lisemwe, kwa kuwa zawadi ya mwandiko aliipata Kadenge.

Mwaka 1900 marehemu alianza kujifunza kazi kwa fundi mmoja wa Kihindi wa Mji wa Kale, mtengenezaji wa cherehani na saa za ukutani. Kadenge aliingia karakana ya reli, akatoka na cheti chenye muhuri na sanduku la vyombo vya chuma cha Ulaya. Gunga alikuwa na bisibisi tatu, nyundo ndogo, tupa na kipande cha msumeno. Hata hivyo, mtu yeyote aliyeharibikiwa na kitu, awe karani wa bandarini au bibi wa mtaa wa Kuze mwenye taa isiyofunguka, alisema, "Mwiteni Gunga." Hakuna aliyesema, "Mwiteni yule mwenye cheti." Kadenge alimwonea kijicho kaka yake. Ndilo jina la kitu chenyewe, na halina jina jingine.

Hapa karatasi mlizo nazo zinasema kwamba parafujo ya pikipiki ya Bwana Awadh ililika kwa uzee. Kadenge aliandika hivyo jana, zikapigwa chapa. Leo asubuhi ameikata sentensi hiyo kwa kalamu, na anawaomba msikilize ilivyokuwa.

Mwezi wa Machi 1914, Bwana Awadh, muuza samli wa Ndia Kuu, ambaye tunamwona amesimama pale ukutani, alinunua pikipiki kuukuu kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Ilikohoa na kuzima kila hatua. Ugonjwa ulikuwa kwenye kabureta, kile chombo kidogo cha shaba kinachochanganya petroli na hewa. Bwana Awadh aliahidi kwamba atakayeiponya atapewa chumba cha chini cha nyumba yake ya Kibokoni kiwe karakana. Akamwita Kadenge kwanza. Mara moja katika maisha yake, Kadenge aliitwa kwanza.

Kifuniko cha kabureta kilishikwa na parafujo nne. Tatu zilitoka. Ya nne ilikuwa imeganda, na Kadenge, kwa pupa ya kukitaka chumba, alitumia bisibisi nyembamba isiyojaa mkato wa kichwani, akasukuma kwa nguvu. Ikateleza, ikateleza tena, na mara ya tatu mkato ukageuka shimo la mviringo. Bwana Awadh alikuwa ndani akiswali adhuhuri. Kadenge akachanganya nta ya mshumaa na masizi, akalijaza shimo, akachora mkato wa uongo kwa ukucha, akarudisha zile tatu mahali pake. Bwana Awadh alipotoka, Kadenge akamwambia kazi hii inamfaa Gunga zaidi. Alitaka bisibisi ya Gunga iteleze mbele ya tajiri, ili wote waseme Gunga ndiye aliyeiharibu. Wazee hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako.

Kesho yake Gunga aliitwa, na Kadenge akaenda kutazama. Gunga aliinama, akaipapasa ile parafujo kwa kidole gumba, nta ikamganda ukuchani. Akamtazama Kadenge kitambo kizima.

"Ina nini?" akauliza Bwana Awadh. "Mbona wanyamaa, fundi?"

"Kitwa kimelika, Bwana. Parafujo kongwe hii. Ni uzee tu."

"Yatoka?"

"Yatoka. Lakini n'ataka mkono wa pili. Kadenge, ndoo hapa, ushike kabureta."

Aliondoa petroli yote, akaifungua kabureta kutoka kwenye pikipiki, akaitilia parafujo mafuta ya taa, akaiacha mpaka alasiri. Kisha akaikata mkato mpya kwa kile kipande cha msumeno, taratibu, akipuliza vumbi la shaba. Akaipasha kwa ncha ya chuma cha moto, akachagua bisibisi iliyojaa mkato sawasawa, akaigonga kwa nyundo mara tatu. Kadenge alikuwa ameshika kabureta kwa kitambaa.

"Sasa tazama, mdogo wangu," akasema Gunga. "Usianze kwa kufungua. Ikaze kwanza, kidogo tu, kadiri ya unywele. Ikishaachia hapo, itakubali kurudi."

Akaikaza. Kadenge alisikia mlio mdogo viganjani mwake, na parafujo ikazunguka ikatoka.

Chumba kikawa cha Gunga. Mlangoni akaandika, kwa mwandiko wake ule mbaya, "Gunga na Nduguye". Kadenge alinuna mwaka mzima kwa kuwa jina lake halikuandikwa. Hakujiuliza hata siku moja kwa nini alitajwa pale mlangoni baada ya aliyoyafanya. Walifanya kazi meza moja miaka minne na miezi, wakagombana mara nyingi, na Gunga hakuitaja ile nta. Angemtukana, Kadenge angepata nafuu. Bwana Awadh, leo ndipo unasikia. Kadenge anakuomba radhi mbele ya watu hawa.

Tumeiruka habari ya ndoa. Marehemu alimwoa Bi Nyevu, binti Mung'aro, tarehe 12 Desemba 1908, wakajaliwa mabinti wawili. Mama Zilpah alihamia kwao mwaka uliofuata. Kadenge alimwandalia chumba kizuri zaidi, chenye madirisha mawili, na mama akasema atakuja kukitazama.

Homa hii iliyoingia kisiwani ilimpata Jumapili, tarehe 3. Alhamisi alasiri pumzi yake ilikuwa fupi, na Kadenge alikuwa peke yake naye. Akajikaza, akasema, "Kaka, ile parafujo ya Bwana Awadh..."

"Ilitoka," akasema Gunga, akafumba macho.

Kadenge, kwa woga, akamfunika shuka badala ya kuungama. Ijumaa alfajiri marehemu alifariki, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne.

Leo asubuhi Bi Nyevu alimpa Kadenge bisibisi ya mumewe, akamwambia afunge jeneza yeye. Parafujo zilikuwa sita. Tano ziliingia vizuri. Ya sita, machozi yalikuwa yamemziba macho, akasukuma kwa nguvu kama siku ile, na kichwa kikalika. Ikabaki nusu, haiingii wala haitoki. Mnaiona pale upande wa miguu, imechomoza kadiri ya punje ya mchele. Mtu mmoja tu kisiwani humu angeweza kuitoa. Kadenge akaomba apewe muda ajaribu, aikate mkato mpya.

"Iache, shemeji," akasema Bi Nyevu. "Ataijua ni ya mkono wako."

Ndipo Kadenge alipotafuta kalamu.

Marehemu ameacha mama yake Zilpah, mke wake Nyevu, binti zake Truphosa na Damari, na Nduguye, ambaye hana jina jingine analolitaka. Apumzike kwa amani mtu huyu, na amani hiyo asinyimwe aliyebaki ameandikwa mlangoni.